Urithi na Ujeneriki katika Klasi za Msingi za Programu za Biashara: Historia ya Mawazo Mawili, 1967–2006

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mawazo mawili ya uundaji wa programu za kompyuta, yaani urithi na ujeneriki, tangu yalipoelezwa bayana mwaka 1967 hadi yalipounganishwa katika klasi za msingi za programu za biashara mwaka 2006. Hoja kuu ni kwamba klasi ya msingi inayoweza kutumika tena si zao la wazo moja. Urithi ulimpa mtayarishaji wa programu msimbo wa pamoja, lakini ulimpotezea taarifa za aina. Ujeneriki ulilinda aina, lakini peke yake haukujua lolote kuhusu kitu kilichokabidhiwa kwake. Aidha, inaelezwa kwamba muungano wa mawazo hayo haukufuta udhaifu wa zamani wa urithi, na kwamba udhaifu huo ndio unaopaswa kuamua ukubwa wa klasi ya msingi.

1.0 Utangulizi

Mifumo ya kompyuta inayoendesha shughuli za biashara hujengwa juu ya vitu vichache vinavyofahamika: mteja, bidhaa, oda, ankara, mfanyakazi. Vitu hivi hutofautiana kwa maana lakini hufanana kwa mahitaji. Kila kimoja huhitaji namba ya utambulisho. Kila kimoja husomwa kutoka katika hifadhidata na kurudishwa humo, hukaguliwa iwapo kimetimiza kanuni za biashara, na hupaswa kujua kama kimebadilishwa tangu kiliposomwa. Mtayarishaji anayeandika mahitaji haya upya kwa kila kitu huishia kuwa na nakala nyingi za msimbo uleule. Kosa likirekebishwa katika nakala moja, hubaki limejificha katika nyingine, na katika mfumo wa ankara kosa la namna hiyo lina thamani ya fedha.

Dawa iliyozoeleka ni klasi ya msingi. Klasi ni kiolezo kinachoeleza data na matendo ya vitu vya namna moja. Klasi ya msingi hukusanya yale yanayofanana, na klasi tanzu, kama Mteja au Ankara, huyapokea bila kuyaandika upya. Upokeaji huo ndio unaoitwa urithi. Ujeneriki, kwa upande wake, ni uwezo wa kuandika klasi au tendo huku aina ya data inayohusika ikiachwa wazi kama parameta, ili ijazwe baadaye na mtumiaji wa klasi hiyo. Orodha jeneriki, kwa mfano, huandikwa mara moja, kisha hutumika kama orodha ya wateja mahali pamoja na orodha ya ankara mahali pengine.

Leo mbinu hizi mbili hufundishwa pamoja kana kwamba zilizaliwa pamoja. Historia inaonyesha vinginevyo: zilikua katika jumuiya mbili za kitaaluma, kwa malengo tofauti, na zilichukua takribani miongo minne kukutana katika kazi ya kila siku ya mtayarishaji wa programu za biashara.

2.0 Chimbuko la Urithi: Oslo

Urithi ulitokana na kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika Norsk Regnesentral, kituo cha kompyuta cha Norway kilichoko Oslo. Lugha yao ya kwanza, Simula I, ilikusudiwa kuiga mienendo ya mifumo halisi kama vile viwanda, foleni na usafiri. Katika maelezo ya kihistoria waliyoyatoa mwaka 1978, wawili hao walitaja mfano uliowasumbua: daraja lenye kituo cha kutoza ushuru, na foleni ya magari ambayo mengine ni malori na mengine ni mabasi. Lori na basi vilikuwa na tabia tofauti, lakini vyote vilipaswa kupanga foleni kwa namna ileile. Uwezo wa kupanga foleni ulihitaji kuandikwa mara moja tu, kisha kugawiwa kwa kila aina ya gari.

Sehemu ya jibu ilitoka kwa C. A. R. Hoare, ambaye alikuwa amependekeza rekodi zilizogawanywa katika klasi na klasi tanzu, na ambaye alifundisha juu yake huko Villard-de-Lans, Ufaransa, mwaka 1966. Dahl na Nygaard waliliendeleza wazo hilo kwa njia iliyofanana na kiambishi awali katika neno: jina la klasi moja liliandikwa mbele ya tangazo la klasi nyingine, na klasi hiyo ya pili ikabeba data na matendo yote ya ile ya kwanza. Waliwasilisha utaratibu huo Mei 1967 katika mkutano uliofanyika Lysebu, karibu na Oslo. Lugha iliyotokana nao ilijulikana kama Simula 67.

Pamoja na lugha hiyo zilikuja klasi zinazoweza kuhesabiwa miongoni mwa klasi za msingi za kwanza zilizokusudiwa kutumika tena. Klasi ya SIMSET ilitoa Link, ambayo ni kitu chochote kinachoweza kukaa katika foleni, na Head, ambayo ni foleni yenyewe. Klasi ya SIMULATION ilijengwa juu ya SIMSET. Mtumiaji aliyetaka lori linaloweza kupanga foleni alitanguliza tu jina la klasi ifaayo mbele ya klasi yake.

Hata hivyo, kasoro ya mbinu hii ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Foleni ya Simula ilipokea Link yoyote. Haikuwapo njia ya kutangaza kwamba foleni fulani ni ya malori pekee. Lori lilipoingia katika foleni, utambulisho wake mahususi ulibaki mlangoni, na lilipotolewa kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa maelekezo ya mashine, iliitambua Link tu. Mtayarishaji alilazimika kuuliza aina ya kitu hicho au kuithibitisha yeye mwenyewe. Akikosea, kosa lilijitokeza wakati programu inaendeshwa, si wakati inaandikwa. Kasoro hii ndiyo iliyorudi kuwasumbua watayarishaji wa programu za biashara miaka thelathini baadaye.

3.0 Chimbuko la Ujeneriki: Kutoka Copenhagen hadi Massachusetts

Mwaka uleule wa 1967, katika nchi jirani ya Denmark, Christopher Strachey wa Oxford alitoa mihadhara Copenhagen kuhusu dhana za msingi za lugha za programu. Humo alitofautisha namna mbili za tendo kufaa aina nyingi. Katika namna ya kwanza, jina moja huficha matendo kadhaa tofauti, kama alama ya kujumlisha inavyotumika kwa namba kamili na kwa namba za desimali. Katika namna ya pili, tendo ni moja kweli, na hufanya kazi ileile kwa aina yoyote kwa sababu aina yenyewe ni parameta. Mihadhara hiyo ilisambazwa kwa nakala za mkono kwa mkono na haikuchapishwa rasmi hadi mwaka 2000, lakini mgawanyo huo ulipata nguvu mapema sana. Kwa hiyo, urithi na msingi wa kinadharia wa ujeneriki vilielezwa ndani ya mwaka mmoja, katika miji miwili ya Skandinavia, bila kimoja kuhitaji kingine.

Njia ya Strachey iliendelezwa na watu waliojali zaidi usahihi unaoweza kuthibitishwa. Robin Milner, aliyekuwa Edinburgh, alichapisha mwaka 1978 nadharia ya aina iliyokuwa msingi wa lugha ya ML. Katika chuo cha MIT, Massachusetts, Barbara Liskov na wanafunzi wake walianza kuunda lugha ya CLU katikati ya miaka ya 1970. CLU iliruhusu muundo wa data uwe na parameta ya aina, na zaidi ya hapo iliruhusu sharti: seti iliyopangwa ingeweza kudai kwamba aina inayojazwa iwe na tendo la kulinganisha. Sharti hilo ni hatua muhimu. Bila sharti, msimbo jeneriki unaweza kubeba kitu na kukihifadhi, lakini hauwezi kukiamuru kufanya jambo lolote. CLU haikuwa na urithi. Vivyo hivyo lugha ya Ada ya 1983 ilikuwa na ujeneriki lakini ilisubiri toleo la 1995 kupata urithi.

Kambi ya pili nayo ilikuwa na lugha zake. Smalltalk, iliyoundwa Xerox PARC na Alan Kay, Dan Ingalls na wenzao, iliukubali urithi kuanzia toleo la 1976 na kuueneza duniani kupitia Smalltalk-80. Kwa kuwa Smalltalk haikukagua aina kabla ya programu kuendeshwa, haikuona haja ya ujeneriki. Orodha ilibeba chochote, na kitu kilichopewa amri kisichoielewa kilitoa taarifa ya kosa papo hapo.

4.0 Mwaka 1986: Mawazo Yakutanishwa

Swali la uhusiano wa mbinu hizi liliulizwa waziwazi mwaka 1986, katika mkutano wa kwanza wa OOPSLA uliofanyika Portland, Oregon. Bertrand Meyer, muundaji wa lugha ya Eiffel, aliwasilisha makala yaliyolinganisha ujeneriki na urithi. Hitimisho lake lilikuwa kwamba urithi una nguvu zaidi: unaweza kuiga ujeneriki, japo kwa usumbufu na msimbo mwingi, ilhali ujeneriki hauwezi kuiga urithi. Hata hivyo hakushauri kuacha kimoja. Eiffel ilibeba vyote viwili, kwa hoja kwamba usumbufu wa kuiga ni mkubwa mno kwa kazi ya kawaida.

Wakati huohuo wananadharia walikuwa wakitafuta lugha ya kihisabati ya muungano huo. Mwaka 1985 Luca Cardelli na Peter Wegner walieleza parameta yenye mpaka: badala ya kusema aina yoyote, msimbo husema aina yoyote iliyo chini ya klasi fulani. Hapa sharti la CLU na urithi wa Simula vilikutana. Msimbo jeneriki sasa ungeweza kudai kwamba kila kinachojazwa kiwe mzao wa klasi ya msingi, na kwa hiyo ungeweza kutumia matendo ya klasi hiyo kwa uhakika.

Bado palikuwa na tatizo moja. Tuseme klasi ya msingi inatoa tendo la kulinganisha. Ankara inapaswa kulinganishwa na ankara, si na mteja, lakini klasi ya msingi ilipoandikwa haikujua kuwa siku moja kutakuwa na ankara. Mwaka 1989 Peter Canning, William Cook, Walter Hill, Walter Olthoff na John Mitchell walipendekeza mpaka unaojirejelea. Klasi ya msingi hupewa parameta, na kinachojazwa katika parameta hiyo ni klasi tanzu yenyewe. Ankara hutangazwa kuwa mzao wa klasi ya msingi iliyojazwa Ankara. Kwa njia hiyo mzazi huweza kumtaja mtoto wake kwa jina bila kumjua. Utaratibu huu huonekana wa ajabu kwa anayekutana nao mara ya kwanza, lakini ndio ulioziwezesha klasi za msingi za biashara miaka iliyofuata.

5.0 Miaka ya Pengo

Nadharia ilipokuwa tayari, lugha zilizotawala ofisi za biashara zilikwenda njia nyingine. C++ ya Bjarne Stroustrup ilipata violezo vya aina kati ya 1988 na 1991, lakini programu nyingi za biashara ziliandikwa kwa Visual Basic, ambayo hadi toleo la 6 haikuruhusu klasi kurithi msimbo wa klasi nyingine, na baadaye kwa Java. Toleo la kwanza la Java lilitoka mwaka 1996 likiwa na urithi bila ujeneriki. Maktaba yake ya makusanyo ya mwaka 1998 ilihifadhi kila kitu kama Object, mzazi wa klasi zote.

Matokeo yalikuwa marudio ya foleni ya Simula. Orodha ya wateja ilikuwa, kwa kompaila, orodha ya vitu. Kila mteja aliyetolewa alilazimishiwa aina yake, na ankara iliyoingizwa humo kwa makosa iligunduliwa wakati mfumo ukiwa kazini mbele ya mtumiaji. Safu za Java zilibeba dalili nyingine ya pengo hili. Safu ya maneno ilikubalika mahali pa safu ya vitu, hata pale ambapo msimbo ungejaribu kutia namba ndani yake, na kosa lilikamatwa wakati wa kuendesha programu tu.

Jukwaa la .NET lilipotoka mwaka 2002 lilirudia uamuzi huo. Maktaba yake ilitoa klasi ya msingi iitwayo CollectionBase. Mtayarishaji aliyetaka orodha salama ya wateja aliirithi, kisha akaandika matendo ya kuongeza, kuondoa na kusoma yanayomtaja Mteja. Alipohitaji orodha ya ankara, alinakili faili lote na kubadilisha jina. Wengine walitumia programu za kuzalisha msimbo ili kazi hiyo ifanywe na mashine. Klasi ya msingi iliyokusudiwa kuondoa unakili ilikuwa imegeuka kuwa chanzo cha unakili.

6.0 Klasi ya Msingi Yenye Parameta

Marekebisho yalitoka kwa watafiti waliozifahamu kambi zote mbili. Martin Odersky na Philip Wadler waliunda Pizza, lugha iliyopanua Java, mwaka 1997. Mwaka 1998, pamoja na Gilad Bracha na David Stoutamire, walitoa GJ, ambayo ikawa msingi wa ujeneriki wa Java 5 ya Septemba 2004. Ili msimbo wa zamani uendelee kufanya kazi, Java ilichagua kufuta parameta za aina baada ya kompaila kuzikagua. Upande wa .NET, Andrew Kennedy na Don Syme wa maabara ya Microsoft Research iliyoko Cambridge, Uingereza, walichapisha muundo wao mwaka 2001. Humo parameta za aina hubaki zikijulikana hata programu inapoendeshwa. Muundo huo ulifika kwa umma katika .NET 2.0, Novemba 2005.

Wakati huo umbo la klasi ya msingi ya biashara lilikuwa limekwisha kuelezwa. Katika kitabu chake cha ruwaza za programu za mashirika cha 2002, Martin Fowler alilipa jina Layer Supertype: klasi moja inayokuwa mzazi wa klasi zote za tabaka moja la mfumo, ikibeba mambo ya pamoja kama namba ya utambulisho. Kilichokosekana kilikuwa parameta.

Mfano ulio bayana ni kiunzi cha CSLA cha Rockford Lhotka. Mizizi yake ilikuwa katika Visual Basic ya miaka ya 1990, kisha kikaandikwa upya kwa .NET. Klasi yake ya msingi, BusinessBase, humjalia kila mzao uwezo wa kujua kama ni mpya, kama amebadilishwa na kama ni halali kwa kanuni zilizowekwa, pamoja na uwezo wa kutengua mabadiliko. Katika toleo la 2.0 la mwaka 2006, klasi hiyo ilipewa parameta inayojirejelea: aina inayojazwa lazima iwe mzao wa BusinessBase iliyojazwa aina hiyohiyo. Klasi ya orodha nayo ilipewa parameta mbili, moja ya orodha yenyewe na nyingine ya kitu kilichomo.

Tofauti kwa mtumiaji ilikuwa ndogo kwa macho lakini kubwa kwa athari. Tendo la kuhifadhi lililoandikwa mara moja katika klasi ya msingi sasa humrudishia mwenye Ankara kitu cha aina ya Ankara, wala si kitu cha jumla kinachosubiri kulazimishiwa aina. Orodha ya ankara humkataa mteja kabla programu haijaendeshwa. Wajibu wa kugundua kosa ulihama kutoka kwa mtumiaji wa mfumo hadi kwa kompaila.

7.0 Gharama ya Urithi

Ujeneriki uliponya upotevu wa aina, lakini haukuponya maradhi mengine ya urithi, nayo yalikwisha kubainishwa mapema. Katika mkutano uleule wa Portland, Alan Snyder alionyesha kwamba urithi hudhoofisha usiri wa klasi, kwa kuwa mzao huweza kutegemea undani wa mzazi ambao haukukusudiwa kuwa ahadi. Joshua Bloch, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Java, alitoa mfano wa klasi inayorithi seti ya kawaida ili ihesabu vitu vinavyoongezwa. Hesabu hutoka maradufu, kwa sababu tendo la kuongeza vitu vingi huliita, ndani kwa ndani, tendo la kuongeza kimoja, na kila moja huhesabu. Mrithi hakukosea katika alichokiandika. Alikosa kujua siri ya mzazi.

Neno urithi lenyewe linaweza kumpotosha msomaji wa Kiswahili hapa. Katika mirathi, mrithi hupokea mali baada ya mwenye mali kufariki, na mali hiyo huwa yake. Katika programu mzazi angali hai. Akibadilika, wazao wote hubadilika naye siku hiyohiyo, wapende wasipende. Klasi ya msingi yenye wazao mia moja ni mahali ambapo mstari mmoja unaweza kuharibu klasi mia moja.

Pili ni suala la ukweli wa uhusiano. Wahenga wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na Liskov alidai jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1987: mzao anapaswa kuweza kushika nafasi ya mzazi bila programu inayowatumia kuharibika. Mwaka 1994, yeye na Jeannette Wing waliliandika sharti hilo kwa ukamilifu wa kinadharia. Katika biashara sharti hili huvunjwa kwa urahisi. Akaunti ya amana ya muda inaporithi klasi ya Akaunti yenye tendo la kutoa fedha wakati wowote, inarithi ahadi isiyoweza kuitimiza. Ujeneriki hauwezi kuligundua kosa hilo, kwa sababu kompaila hukagua aina, si maana. Ndiyo sababu Erich Gamma na wenzake watatu, katika kitabu chao cha ruwaza cha 1994, walishauri kuunganisha vitu kuliko kurithi klasi pale inapowezekana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba klasi ya msingi ya biashara ni makutano ya mikondo miwili iliyoanza mwaka 1967. Mkondo wa Oslo ulitoa msimbo wa pamoja na ukapoteza aina. Mkondo wa Copenhagen ulilinda aina, na ulihitaji mpaka wa urithi ili uweze kuamuru kitu chochote. Nadharia ya muungano ilikamilika kufikia 1989, lakini lugha zilizotumika sana katika biashara zilichelewa hadi 2004 na 2005, na katika pengo hilo watayarishaji waliilipa gharama kwa kunakili msimbo.

Aidha, mwelekeo wa lugha zilizofuata unafaa kuzingatiwa. Rust ilifikia toleo lake la 1.0 mwaka 2015 ikiwa na ujeneriki bila urithi wa klasi. Go, iliyotangazwa mwaka 2009 bila kimojawapo, iliongeza ujeneriki Machi 2022 na haikuongeza urithi. Kati ya mawazo mawili, lile ambalo Meyer aliliona kuwa dhaifu ndilo ambalo waundaji wa lugha hizo waliona kwamba haliwezi kukosekana.

Hitimisho hilo halimaanishi kwamba klasi ya msingi imepitwa na wakati. Linamaanisha kwamba ibebe yale tu ambayo kila mzao anayahitaji kweli: utambulisho, hali ya mabadiliko, ukaguzi wa kanuni. Jambo linalohitajiwa na baadhi yao tu likabidhiwe kwa klasi ya kando, na aina ziachwe wazi kwa parameta. Kila kinachoongezwa kwa mzazi huwa deni la wazao wote, wakiwemo wale ambao bado hawajaandikwa.